Ule au Lile

Mpaka leo sijui nikiite nini. Kiko hapa Marekani, gerejini kwangu Apple Valley, kimeegemea friza, kirefu kuliko mimi, mpini wa mti ulioshika weusi wa moshi, na mwishoni kimepigiliwa ubao mpana wenye matundu. Tulimzika Shangazi Robai Jumamosi iliyopita na hiki ndicho alichoniachia. Watu wa kanisa wananishika mkono wakiniambia ni ukumbusho mzuri. Wasinichokoze. Kitu hiki kilivunja familia yetu nikikitazama kwa macho yangu, na miaka yote iliyofuata baba yangu na dada yake wa tumbo moja hawakula meza moja kwa sababu hawakuweza kukubaliana kinaitwaje. Nikiwaambia wanangu hivyo wanacheka, wananijibu kwa Kiingereza chao kwamba mimi natia chumvi. Sijatia hata punje.

Mwaka ninaouzungumzia ulianza mwezi wa Oktoba nikiwa na miaka kumi na saba, na tulikuwa tunakaa kwa Shangazi, Richfield, chini ya njia ya ndege. Tulikaa chini kwelikweli. Baba, Mama na mimi tulikuwa besmenti, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na madirisha yake yalikuwa usawa wa nyasi, unaona miguu tu ya wanaopita. Juu alikaa Shangazi na binti yake Ruth. Juu kulikuwa na zulia na makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma. Chini kulikuwa na tangi la maji moto linalonguruma, na kwenye dari tundu la hewa ya joto lililotuletea joto kidogo na maneno mengi. Kila kilichosemwa jikoni kwa Shangazi kilitushukia kitandani, ndiyo maana najua mambo ambayo hakuna aliyeniambia. Baba huko nyumbani alikuwa mwalimu mkuu, mwalimu wa Kiswahili, na hapa alikuwa anasukuma wazee kwenye viti vya magurudumu uwanja wa ndege. Wakenya wote walimwita Mwalimu. Hata Shangazi alimwita hivyo, ila yeye alilitamka neno hilo kama mtu anayemwita mbwa aliyewahi kumuuma. Maana Baba alimfundisha darasa la saba, na alikuwa anamchapa mbele ya wenzake kwa makosa ya ngeli. Shangazi alilikumbusha jambo hilo kila alipopata nafasi, na Baba kila mara alimjibu, si ulifaulu?

Sasa siagi. Wazungu wa huku wana kitu wanachokiita siagi ya matufaha, na humo ndani hakuna siagi hata ya kupaka kidole. Ni matufaha yaliyomenywa na kukatwakatwa, yakachemshwa nje kwa kuni tangu alfajiri hadi mchana upinduke, na juisi yake, na mdalasini na karafuu, mpaka yanakuwa mazito na ya kahawia iliyoiva, ndipo yanatiwa kwenye chupa. Shangazi alijifunza kwa bibi mmoja aliyeitwa Helen, ambaye Shangazi alikuwa akimuuguza nyumbani kwake mpaka bibi akafa. Watoto wa yule bibi hawakuitaka sufuria yake kubwa ya shaba wala hicho cha kukorogea, wakampa. Mwingine angeviuza. Yeye alivifanya vyetu. Kila mwaka kwenye sherehe ya mavuno ya kanisa ukoo wetu ulipewa hema karibu na lango, na tangu Ijumaa jikoni kwa Shangazi hakukaliki: ndoo za matufaha mpaka kwenye ngazi, maganda, visu, vidole vimekuwa vyeusi, na yeye katikati akitoa amri. Tumenye nyembamba. Tusile. Aliyekata vibaya alirudishiwa tufaha lake mkononi mbele ya wote. Baba aliketi na kisu chake akiuliza, kwa ile sauti ya darasani, siagi isiyo na maziwa ni siagi ya nini, na kwa nini tusiite uji tu tukapumzika. Alijua anachofanya. Siku hiyo moja katika mwaka Shangazi alikuwa mtu. Wazungu waliolitafuna jina lake miezi yote, siku hiyo walilitamka sawasawa, Robai, Robai, chupa zikiwa mikononi. Mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kubadilisha nepi za wazee alisimama kando ya moto wake na kila mtu akangoja aseme imeiva.

Sheria ya sufuria ilikuwa moja, mkono usisimame. Mara mbili kuzunguka ukingoni, mara moja kukata katikati, tena na tena, kwa zamu, kwa sababu matufaha yakitulia kidogo tu yanashika chini, na yakishika, sufuria nzima inanuka moshi na hakuna dawa. Mwaka huo zamu ya Baba ilifika karibu na kuiva, watu wamekwisha kupanga foleni. Alikoroga vizuri, haki yake nimpe. Kisha akaja mzee mmoja wa kanisa, Mzungu, akamuuliza huko Afrika alikuwa anafanya kazi gani. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza Baba swali hilo tangu tufike nchi hii. Alinyooka. Alianza na chuo cha ualimu, akaja kwenye shule yake ya kwanza, na alipofika siku aliyopandishwa cheo kuwa mkuu alihitaji mikono yote miwili ya kuelezea. Mpini ukalala kwenye ukingo wa sufuria. Mimi nilisikia harufu kwanza, nikageuka kumtafuta Shangazi, kumbe alikuwa tayari anakuja, chupa alizobeba ameziangusha nyasini. Alikichomoa kile kitu kwenye sufuria kikichuruzika, akamchapa nacho Baba begani kwa nyuma, mara moja, kwa nguvu zake zote. Koti lake la Jumapili likachafuka mpaka kiunoni. Wazungu wakacheka, wakapiga makofi. Walidhani ni mchezo wa sherehe, tumeupanga. Yule mzee akaomba warudie apige picha. Wakenya waliokuwa kwenye foleni hawakucheka. Mama mmoja wa kwetu aliiweka chupa yake chini taratibu akaondoka, na wengine wakawa wanatazama viatu vyao.

Kwetu mwanamume hapigwi kwa mwiko. Ngumi, fimbo, hata sufuria, hayo ni magomvi, yanaisha. Lakini ukimpiga mtu kwa mwiko umemfukuza mezani. Hawezi tena kula kilichopikwa na mkono huo mpaka mkono huo umchinjie kuku, umpikie kwa mwiko mpya, na mwenye mkono aseme mbele ya watu kwamba ulikuwa mwiko na amekosa. Mwenzake akila, yamekwisha. Jioni ile ile Baba alishuka chini, akavua koti, akaanza kumngoja kuku wake. Na kupitia lile tundu la darini tukamsikia Shangazi akimwambia Ruth kwamba atangoja sana, kwa sababu yeye hajampiga mtu kwa mwiko. Mwiko unasonga ugali. Mwiko ni urefu wa mkono. Lile ni kasia, tena kasia la Kizungu, na hajawahi kusikia mila inayokataza mtu kupigwa kwa kasia. Baba akapanda juu ya kiti, akaweka mdomo kwenye tundu, akajibu kwamba kinachokoroga chakula ni mwiko hata kikiwa na urefu wa mlingoti wa bendera. Ikabidi simu ipigwe nyumbani kwa Mzee Ezra, baba yao mdogo, na kila mmoja alinunua kadi yake ya simu ili asiwe na deni kwa mwenzake. Mzee Ezra alisikiliza pande zote mbili, akaomba aelezwe umbo, akauliza kama kweli kina matundu. Kisha akasema kwa maelezo hayo kitu hicho ni jembe, na anachotaka kujua yeye ni kwa nini watu wazima huko Marekani wanapigana majembe kanisani. Mama alicheka mpaka akaenda kujificha nyuma ya pazia. Baba hakucheka.

Kuanzia hapo nyumba iligawanyika kwa ngeli. Kwa Wakenya wengi kila kitu ni hiyo, leta hiyo, weka hiyo, na wanaelewana vizuri tu. Lakini hawa wawili walikuwa mwalimu na mwanafunzi wake. Baba alisema ule: ule ulionipiga. Shangazi alisema lile: lile la bibi Helen. Mwiko ni ule, kasia ni lile, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kutaja jina. Ukifungua mdomo tu umeshajulikana uko upande wa nani. Wageni walijikuta wameingia vitani bila habari. Mchungaji alipokuja kupatanisha aliteleza akasema ule mti, Shangazi akainuka akamwondolea chai. Mama, ambaye alikuwa mtu wa amani na alijua hatari ya kugombana na wifi mwenye nyumba, alisema hiyo, na wote wawili walimdharau kwa hilo. Mimi nilisema lile nikiwa juu na ule nikiwa chini, na nilikula mara mbili kila jioni, kwa kuwa mila haikunihusu. Juu nilipewa pilau na kuku wa kukaanga kwenye sahani za maua, chini ugali na sukuma wiki, Mama akipikia kwenye jiko la umeme la sahani moja lililowekwa juu ya mashine ya kufulia. Nilinenepa sana. Baba hakuwahi kuniuliza nimekula nini huko juu. Aliniuliza tu kama chumvi ilizidi, na nikimwambia ilizidi, alilala vizuri.

Theluji ilipoanza walipata uwanja mpana zaidi. Shangazi ndiye aliyeshika mtambo wa joto, akawa anaupunguza anapokwenda kazini, nasi tukavaa makoti kitandani. Baba akamlipa kwa nyimbo za kanisa alfajiri, beti zote, uso wake umeelekezwa kwenye tundu. Kusafisha theluji kwenye njia ya gari ilikuwa kazi yake tangu mwanzo, na hakuiacha, maana si mtu wa kutoroka kazi. Alisafisha nusu. Alikata mstari katikati, umenyooka sawasawa, upande wake lami inaonekana, upande wa Shangazi theluji ya magotini. Shangazi alitoka, akautazama mstari, akarudi ndani, akaja na chumvi ya kuyeyusha barafu akaimwaga upande wake tu, ameinama, akihakikisha haivuki. Jirani yetu alizoea kusimama dirishani na kikombe chake cha kahawa kuwatazama. Niliona aibu, na nilianza kuwachukia wote wawili sawasawa. Nilikuwa naogopa pia. Nilijua Baba akitoka ndani ya nyumba ile kabla ya kula, hatarudi kula tena, na katika nchi hii yote, ukimtoa Mama, hakuna mtu mwingine aliyemjua akiwa kijana. Wengine wa huku walikuwa wanamjua mzee wa viti vya magurudumu tu. Ni Shangazi peke yake aliyekuwa amemwona akiingia darasani na watoto wote wakisimama.

Theluji ilipokwisha, Jumapili moja baada ya ibada, tulisikia kuku. Kuku mzima, analia jikoni juu ya vichwa vyetu. Shangazi alikuwa amekwenda mpaka Saint Paul kwa watu wanaouza kuku hai, akamleta kwenye boksi ndani ya gari lake ambalo sisi hatukuruhusiwa hata kulia biskuti ndani yake. Baba alikuwa anasoma gazeti la zamani. Hakuinua macho, lakini hakugeuza ukurasa tena. Tulisikia maji yakichemka, ikaja harufu ya manyoya, halafu vitunguu, na Ruth akashuka kuninong'oneza kwamba mama yake amenunua mwiko mpya. Mama akaanza kumpigia Baba pasi shati bila kuulizwa. Tulipopanda tulikuta meza imetandikwa kitambaa cha harusi cha Shangazi, kuku na supu yake, ugali umefunikwa, na mwiko mpya umelazwa kando ya sinia. Akina mama wawili wa kwetu walikuwa wamealikwa wawe mashahidi. Ruth alimnawisha Baba, naye alinawa polepole, kidole kimoja kimoja, macho yake yako kwenye sinia. Njaa ile haikuwa ya tumbo. Kilichobaki kilikuwa maneno tu, na Shangazi alisimama kuyasema.

"Mwalimu, nilikasirika nikakupiga mbele ya watu. Hilo halikuwa zuri na nimekupikia," alisema. Hapo angenyamaza. Hapo angeketi, haki ya Mungu, na sisi sote tungekuwa watu wengine. Lakini alimtazama Baba, na nadhani alimwona yule wa darasa la saba, fimbo mkononi, akingoja jibu. "Lakini sitadanganya mezani kwangu. Lile lilikuwa kasia."

Baba hakuinuka mara moja. Mikono yake ilikuwa bado imelowa, ameiinua juu ya meza, na maji yanadondokea kitambaa. Kisha akasema kwa sauti ya chini sana, sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwa dada yake, "Sema ule, Robai, nile."

Alikuwa anamwomba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na nililiona hilo, kwa hiyo na yeye aliliona. Shangazi alibana midomo. Mmoja wa wale akina mama alimvuta gauni kwa chini ya meza, sote tuliona, naye akautoa mkono wake kama anafukuza nzi. Baba alingoja. Kisha akajifuta mikono kwenye suruali, akatushukuru sote kwa kuja, akashuka ngazi. Kuku aliliwa na mashahidi.

Kabla kiangazi hakijapamba moto tulihamia Bloomington, nyumba ya kupanga karibu na duka moja kubwa, na Mama akapata kazi ya kutandika vitanda hotelini. Tulikuwa na madirisha mazuri na hatukumsikia mtu yeyote kupitia darini. Oktoba iliyofuata hatukualikwa kumenya, na tulipopita na basi karibu na kanisa harufu ya karafuu iliingia mpaka ndani, na Baba akawa anasoma tangazo lililobandikwa juu ya dereva, analisoma na kulirudia. Hawakuwahi kuacha kusalimiana, tusiwasingizie. Harusini kwa Ruth Baba ndiye aliyemtoa bibi arusi, akatoa hotuba iliyowaliza watu, kisha akakaa meza ya mbele na soda ya kopo, kwa sababu soda ya kopo haijapikwa na mkono wa mtu. Kila mwaka Shangazi alimtuma Ruth alete chupa moja ya siagi. Baba aliipokea, akashukuru, akaipanga kwenye rafu ya gereji, karatasi ya jina ikitazama ukutani. Hakuwahi kufungua hata moja na hakuwahi kutupa hata moja. Tangu Mama afariki anakaa kwangu, na alikuja nazo zote, amezifunga kwenye magazeti asubuhi nzima peke yake, na hakutaka nimsaidie.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona Shangazi kwenye nyumba ya wagonjwa. Alikuwa amekwisha, mdomo umekauka, namlowesha midomo kwa pamba. Alinishika mkono kwa nguvu nisiyoitegemea. Akasema, "Mwambie Mwalimu, ule." Nikauliza ule upi, Shangazi. Akafumba macho kwa hasira, kama mtu aliyechoka na mtoto mzito wa kuelewa, na hakusema tena. Niliendesha moja kwa moja mpaka nyumbani. Baba alikuwa mbele ya televisheni. Nilimwambia neno lenyewe, bila kuongeza wala kupunguza. Alizima televisheni. Aliniuliza kama ni yeye aliyesema ule au ni mimi ninayesema ule, nikamwambia ni yeye. Akauliza tena, "Ule wa mwiko, au ule wa kula?" Nikamwambia sijui, Baba, twende sasa hivi ukamuulize mwenyewe, gari bado lina moto. Akatazama nje akasema barabara ina barafu, tutakwenda Jumapili. Nililia mbele yake nikamwambia hiyo Jumapili haipo. Akasema Jumapili. Shangazi alikufa Alhamisi.

Kwenye chakula cha maziko, nyumbani kwa Ruth, walipanga chapati na chupa za siagi ya mwaka jana, na kila mtu alipaka, Wazungu na Wakenya, wakisifu. Baba alikunywa soda ya kopo. Sikuweza hata kumtazama. Tulipokuwa tunaondoka Ruth akafungua gereji akaniletea hiki kitu, akasema mama yake alitaka kije kwangu. Hakikuenea garini. Tulijaribu hivi na vile, mwishowe tukakiingiza kwa nyuma, kikapita katikati ya viti mpaka mbele, na ule ubao wenye matundu ukaja kukaa juu ya bega la Baba, bega lile lile. Ruth na mimi tukatazamana. Nilisema nikitoe, nitakifuata kesho. Baba hakugeuka. Aliinua mkono wake, akaushika ubao, akaubana kwenye bega lake usicheze.

"Endesha," alisema. "Nimelishika."

Si nimeushika. Mtu huyu alichapa watoto kwa silabi moja maisha yake yote, hatelezi. Tulifika taa nyekundu ya kwanza nikiwa sioni barabara kwa machozi, na hayakuwa ya huzuni, yalikuwa ya hasira tupu. Niliingoja silabi hiyo tangu nina miaka kumi na saba, na aliyestahili kuisikia alikuwa ndani ya udongo tangu mchana ule. Yeye ameketi pale, macho mbele, amelikumbatia. Nilitamani kusimamisha gari, nilichomoe mkononi mwake, nimchape nalo begani palepale, na kwa kuwa sasa ni kasia, hakuna mila ambayo ingenizuia.